Behewa Lisilo na Reli

Sanduku lililofika Nyamira kutoka Uingereza mwezi wa Aprili 2022 lilikuwa jepesi mno kwa kitu kilichodaiwa kuwa behewa. Ndani mlikuwa na mabamba manne ya shaba ya manjano, membamba kuliko ukucha, magurudumu manane yanayokaribia ukubwa wa vifungo vya koti, nyaya kidogo na kijitabu cha Kiingereza. Binti ya Mzee, muuguzi katika mji mmoja wa huko, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: Baba, uliunda makubwa, sasa unda dogo.

Mzee alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli jijini Nairobi tangu 1963 hadi alipostaafu. Mikono yake ilikuwa bado imara, lakini jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho na la kulia lilikuwa linaelekea huko. Kwa hiyo macho yalikuwa ya mjukuu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili aliyekuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Mjukuu naye alikuwa na haja yake. Somo la tafsiri lilimtaka atafsiri matini ya kiufundi, kisha aiwasilishe kabla ya muhula kufunguliwa. Akaona kijitabu kile ni bahati ya mtende.

Ni vyema kueleza jinsi mabamba hayo yanavyotengenezwa, kwani msumeno hauhusiki kabisa. Mchoro huhamishiwa pande zote mbili za bamba, sehemu zinazotakiwa kubaki zikafunikwa kwa utando, kisha bamba likatiwa katika kemikali inayokula shaba iliyo wazi. Panapoliwa pande zote mbili hupatikana tundu, mathalani dirisha. Panapoliwa upande mmoja tu hubaki mfuo, unene wa bamba ukiwa umepungua karibu nusu, na hapo ndipo bamba hukunjwa. Vipande vyote hubaki vimeshikiliwa na vikonyo vidogo ndani ya fremu moja, mfano wa majani kwenye tawi, mpaka fundi avikate kwa ncha ya patasi na kupiga tupa kingo zake. Vipimo ni milimita 4 kwa kila futi ya behewa halisi, hivyo behewa la futi 60 huwa na urefu wa sentimita 24.

Kanuni kuu ya mkunjo ni nyepesi: mfuo hukaa upande wa ndani. Shaba ikishakunjwa mara moja, haipendi kukunjuliwa. Kijitabu kilisema hivyo kwa maneno machache. Mjukuu, akitaka tafsiri yake ifanane na zile alizozisoma maktabani, aliandika sentensi ndefu yenye "mmomonyoko-nusu", "uelekeo kinyume" na "uso tangulizi". Akamsomea babu yake kwa sauti ya mhadhara. Mzee alisikiliza, akabana ukuta wa nyuma wa behewa kwa koleo, akakunja. Ulikwenda nje. Alipojaribu kuurudisha, ulikatika kama biskuti.

Kwa Abagusii, babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, na bila shaka ruhusa hiyo iliokoa mengi siku ile.

"Mjukuu wangu," Mzee alisema, "hiki Kiswahili chako kimevunja gari."

"Nisamehe, Babu. Ndivyo istilahi zilivyo."

"Huu si mtaro? Maji hupita nje ya mtaro? Sema tu: mtaro uwe ndani."

Hapana budi kusema kwamba Mzee hakuwa mjuzi wa isimu. Alipoondoka kwao akiwa kijana alikuwa na Ekegusii na Kiswahili cha kuombea maji. Reli haikuwahi kufika Kisii wala Nyamira. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mnamo Desemba 1901, na aliyetoka milima ya Gusii akilitaka garimoshi alilifuata huko kwa barabara, akipitia Oyugis, Sondu na Ahero. Mzee alifanya hivyo, kikapu cha ndizi mkononi, akakaa usiku kucha juu ya benchi la mbao la daraja la tatu hadi Nairobi. Karakanani alimkuta Mkamba, Mluo, Mswahili wa Mombasa na Singasinga, wote wakielekezana kwa Kiswahili, kwa sababu chuma kikiwa cha moto hakimsubiri mtu atafute maneno ya kwao. Kosa la lugha pale lilikuwa kidole. Huenda Kiswahili cha namna hiyo hakijapewa nafasi inayostahili katika kamusi, ingawa ndicho kilichowafikia watu wengi wa bara kabla ya kitabu.

Neno behewa lenyewe lina safari yake. Mjukuu alilifuatilia kamusini akakuta maana mbili. Moja ni gari la reli la abiria au mizigo. Ya pili ni ua wa ndani wa nyumba, na asili yake ni Kiarabu. Watu wa pwani walikuwa na behewa nyumbani kabla ya kuliona likivutwa. Mtu fulani, aliyesimama kando ya reli bila kuunda kamati ya istilahi, alitazama chumba kirefu kinachokwenda, akakiita kwa jina la sehemu ya nyumba. Mjukuu alipoeleza hayo, Mzee alicheka akasema alikuwa analijua siku zote, kwani alilala ndani ya mabehewa mabovu miezi mitatu ya kwanza kabla ya kupata chumba.

Kazi iliendelea. Stima ilipotea mara kwa mara, kwa hiyo chuma cha kulehemia kilipashwa moto kwenye jiko la makaa. Meza ya mbao iliungua siku ya kwanza. Mjukuu akatumwa Tabaka, kule Kisii kunakochongwa vinyago vya jiwe la sabuni, akarudi na kipande bapa kilichokataliwa na wachongaji kwa sababu ya ufa. Jiwe hilo haliogopi moto, huchanjwa kwa kisu na hupigika msasa. Hata hivyo lilileta mushkili usiotarajiwa. Likiwa baridi lilikuwa linanyonya joto la shaba, nayo risasi ikawa inajikunja vitone juu ya kiungo bila kutambaa. Mzee akaamuru jiwe lianikwe kando ya jiko kwanza. Lilipopata vuguvugu, dawa ya kulehemia ikipakwa na chuma kikiguswa kidogo tu, risasi ilikimbia ndani ya kiungo kama maji yanayoingia mchangani. Kwenye ukingo wa jiwe hilo hilo alichonga mbonyeo mrefu, akalaza ubavu wa behewa humo na kuuviringishia kipande cha bomba, hadi sehemu ya chini ya ubavu ikapata lile pindo jepesi la kuingia ndani ambalo mabehewa huwa nalo. Kijitabu hakikulitaja jiwe popote.

Ukuta uliokatika haukutupwa. Mzee alikata ukanda kutoka kwenye fremu iliyobaki, akaulehemu kwa ndani kama kiraka. Mstari wa mvunjiko unaonekana hadi leo kwa mwenye macho mazuri. Yeye hauoni, ila huupitishia ukucha.

Yalipofika magurudumu, aliomba rula na kumtaka mjukuu asome. Nafasi kati yake ilikuwa imewekwa kwa reli ya Kiingereza, yenye upana wa milimita 1,435. Reli aliyoihudumia ilikuwa ya mita moja kamili.

"Babu, lakini huo wa Kiingereza ndio upana wa reli mpya, ile iliyoanza kubeba abiria Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017."

"Basi hilo ni gari lako. Langu lisukume ndani."

Yakasukumwa kwenye ekseli mpaka yakabaki karibu milimita 13. Behewa likapata kiuno chembamba chini ya mwili wa Kiingereza. Wataalamu wa Uingereza pengine wangeguna.

Mjukuu aliwasilisha tafsiri mwezi wa Septemba. Alikuwa amefuta mmomonyoko-nusu kote, akaandika mtaro, kiraka, kupasha jiwe, na sentensi fupi fupi. Ilirudi na wino mwekundu kando ya neno mtaro: "Maana hii haimo kamusini." Alama kadhaa zilikuwa zimekatwa. Kwa mwanafunzi aliyetegemea wastani wake ili apate ufadhili, alama hizo zilikuwa na uzito. Alipewa wiki moja ya kurekebisha. Alikaa na karatasi hiyo siku mbili, kamusi upande mmoja na ukuta wenye kiraka upande wa pili, kisha akairudisha kama ilivyokuwa, akiambatisha ukurasa mmoja wa maelezo na kipande cha shaba kisichokunjwa. Mhadhiri, kwa haki yake, alikikunja. Alirudisha nusu ya alama.

Mzee aliposomewa habari hiyo aliuliza swali moja tu, kama kilikunjwa sawasawa.

Paa la behewa halijalehemiwa bado. Mabamba yalikuja na vyumba vya daraja la kwanza, viti vyake vikiwa na sehemu za kuegemezea mikono. Mzee alitengeneza viti vya namna hiyo miaka mingi, akabadilisha ngozi zake na kukaza mabeseni ya kunawia yaliyokuwa vyumbani humo, pasipo kusafiri juu yake hata mara moja. Ameviacha ndani ya fremu. Kila jioni hupasua vijiti vya mkaratusi kwa wembe, akipima kwa kidole, na mjukuu akiwa nyumbani huvibandika humo viwili viwili, vikitazamana, mabenchi ya daraja la tatu. Yamebaki sita.