Mbwa Wetu Watasema

Wako kati yenu watakaocheka kuona mtu ametumia ukurasa mzima kumwandika mbwa. Hasa rafiki zangu wa pwani, ambao hustaajabu nikiwaambia kwamba kwetu Kilolo, Mkoa wa Iringa, mbwa hulala jikoni penye majivu ya moto. Na wacheke, mimi nitaeleza yaliyotupata.

Jina la Watasema alipewa na Babu. Palikuwa na maneno na jirani juu ya mpaka wa shamba, na Babu, asiyependa ugomvi, akampa mbwa jina hilo, kisha kila jioni akawa anamwita kwa sauti kuu. Jirani alielewa. Alikuwa mbwa jike mwekundu, si mkubwa, lakini mahindi yalipobeba, ngedere wa mchana na nguruwe mwitu wa usiku walimjua. Mimi na yeye tulilinda dunguni tangu nilipokuwa darasa la tatu. Nikisinzia, yeye hakusinzia.

Likizo ya Juni mwaka 2024, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilimkuta ana uvimbe kama punje ya mahindi karibu na chuchu ya nyuma. Niliporudi Septemba ulikuwa umefika kiasi cha limau, nao umepasuka, nzi wanautafuta. Watu wakaanza kusema, kama jina lilivyowaagiza: ni ugonjwa wa kuambukiza, apigwe mawe kabla hajadhuru watoto.

Babu akamwita Bwana Mifugo wa kata. Huyu ni kijana mpole; alimpapasa chuchu moja moja, zote kumi, na tezi za kinena, kisha akasema, "Mzee, nadhani ni saratani ya matiti." Tulishangaa, maana tulidhani ugonjwa huo ni wa watu. Akatueleza kwamba mbwa jike ambao hawakufungwa kizazi huupata sana wazeekapo. Afungwaye kabla ya joto lake la kwanza ni nadra kuupata. Karibu nusu ya uvimbe wa namna hiyo huwa si mbaya, lakini ule ukuao upesi na kupasuka ni wa kuogopwa, kwa kuwa huweza kupeleka chembe zake mapafuni. Wala hauambukizi mtu. Iko saratani moja ipitayo toka mbwa hata mbwa wapandanapo, lakini si hiyo. Maneno hayo Babu aliyarudia kisimani, dukani na kanisani, mpaka habari ya mawe ikasahauliwa.

Dawa yake ni kukata mapema. Hospitali ya wanyama tuliyotajiwa ni ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Toka kwetu ni zaidi ya kilomita 300, kushuka Kitonga na kupita Mikumi, na basi gani litapakia mbwa mwenye kidonda? Babu aliuliza gharama, akanyamaza. Aliuza magunia mawili ya viazi, akanunua dawa ya kuoshea kidonda na vidonge vya maumivu alivyoandikiwa. Mtu mwingine angenunua kamba. Mimi sikubaliani na wasemao kwamba maskini hana haki ya kumwuguza mbwa.

Shuleni simu haziruhusiwi. Mwalimu wa malezi aliniruhusu mara mbili kuzungumza na Babu kwa simu yake. Mara ya pili, mwezi wa Novemba, Babu alisema, "Mjukuu wangu, ameanza kukohoa." Nilijua maana yake. Bwana Mifugo alikuwa tayari kuja na sindano, ila Babu alimwomba asubiri mpaka shule ifungwe. "Lakini ukisema tusikungoje, hatutakungoja. Wewe ndiye uliyelinda naye."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na mitihani ya kumaliza mwaka ndani yake. Nilitaka sana kumwona. Nikafikiri juu ya kukohoa kule, usiku kucha, wiki tatu, kwa ajili yangu. Nikamwambia Babu wasiningoje. Mwalimu akageuka akatazama nje dirishani, nami namshukuru kwa hilo hata leo.

Ilifanywa kesho yake asubuhi. Babu alinisimulia Desemba. Alimpikia ugali na mchuzi wa nyama, naye akalamba mchuzi tu. Akamlaza juu ya koti lake kuukuu, Bwana Mifugo akamchoma kwanza dawa ya usingizi, kisha ile nyingine mshipani, na kabla sindano haijatolewa alikuwa amekwisha. Amezikwa mpakani. Aliyechimba shimo ni yule jirani. Alikuja na jembe lake bila kuitwa.

Msimu uliofuata nguruwe walikula mistari minane upande wa bonde. Babu alilinda peke yake, na debe la kupiga. Jirani amemletea mtoto wa mbwa, mweusi, mwenye kelele nyingi na woga mwingi zaidi. Bado hajapewa jina. Babu humwita "wewe".