Bei Ikishakubaliwa, Nyumba Hairudi Sokoni

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na Kionga, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, nyumba aghalabu huuzwa kwa mdomo kabla ya kuuzwa kwa karatasi. Mwenye nyumba hutaja bei, mnunuzi huomba apunguziwe, wazee waliohudhuria hukohoa, na mwishowe mmoja husema, "Haya, nimekubali." Hapo hupeana mikono na kuomba dua. Tangu saa ile majirani huihesabu nyumba kuwa imepata mwenyewe mpya, hata kama fedha haijalipwa yote. Ndiyo maana mwenye nyumba anapowarudia madalali siku chache baadaye, na kuitembeza nyumba ile ile kwa bei ya juu zaidi, uchungu wake humwingia mtu kupita hasara ya fedha.

Kishawishi cha jambo hili kimekuwa kikubwa katika mji wa Palma kuliko katika miji mingi. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari katika bonde la Ruvuma, na rasi ya Afungi, kusini ya mji huo, ikachaguliwa kuwa mahali pa kiwanda. Mji wa wavuvi na wakulima wa minazi ukapokea wahandisi, makontrakta, wafanyabiashara na watafuta kazi, na kila mwenye chumba cha ziada akagundua kwamba chumba kina thamani. Kisha ikaja vita. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba, 2017, na Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi, 2021. Maelfu ya watu walikimbilia Pemba, Mueda na Nangade, na wengine wakauvuka Ruvuma. Wakati wa hofu nyumba haina mnunuzi. Watu wakianza kurejea, bei nayo hurejea pamoja nao. Pale ambapo bei hujaa na kupwa kama maji ya bahari, neno la muuzaji hujaribiwa kila mwezi.

Msomaji na amfikirie, kwa mfano, askari polisi aliyehamishiwa huko pamoja na mkewe na watoto watatu. Amechoka kupanga. Anapatana na mzee mmoja juu ya nyumba ya vyumba vitatu, ya mawe na udongo, yenye paa la mabati na mnazi mmoja uani. Bei ni metikali 300,000. Anatoa 30,000 za kwanza, ambazo ndani yake mna fedha ya upatu wa mkewe na thamani ya vipuli vyake vya dhahabu. Mzee anazipokea mbele ya mashahidi wawili. Askari anapelekwa lindo la mbali kwa wiki tatu. Anaporudi, mkewe anamweleza kwamba amekutana na dalali kisimani akiwaonyesha wageni nyumba yao. Anakwenda kwa mzee kwa heshima.

"Mwanangu," mzee anasema, "bei imebadilika."

"Mzee," askari anajibu, "iliyobadilika ni bei au ni neno?"

Mzee huyo hana tabia ya wizi. Ametajiwa 400,000, naye ana mjukuu anayetaka ada ya shule na jahazi linalotaka tanga jipya. Tena yawezekana kwamba alipokubali bei ya kwanza hakuwashauri wenziwe. Wamakonde na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na katika nyumba nyingi za sehemu hizo mjomba, dada na watoto wa dada hudai kusikilizwa kabla mali ya ukoo haijatoka. Madai hayo yaweza kuwa ya haki, lakini yalipasa kutangulia. Mwenye kuuza huwaita jamaa zake kabla ya kutaja bei. Akiwaita baada ya kupokea fedha, watu hudhani kwamba anatafuta mlango wa kutokea.

Dini ya wengi wa watu wa pwani hii imelisema jambo hili waziwazi. Mafundisho ya Mtume yanamkataza mtu kuingilia mauzo ya ndugu yake, kama yanavyomkataza kuposa mahali ambapo ndugu yake amekwisha posa. Kuwekwa kwa mambo hayo mawili pamoja kuna maana. Binti aliyekwisha pokewa kishika uchumba hatembezwi tena kwa wachumba wengine. Mnada haukukatazwa, wala kushindana bei kabla ya mapatano hakukukatazwa; kinachozuiwa ni kuvunja mapatano baada ya nyoyo kutulia. Kwa hiyo lawama haimwangukii muuzaji peke yake. Dalali anayejua kwamba nyumba imekwisha shikwa, na mnunuzi wa pili anayejua na bado akaongeza bei, nao wamo.

Sheria za Msumbiji nazo zina la kusema. Kwanza, ardhi yenyewe ni mali ya Serikali na haiuzwi. Ndivyo Katiba isemavyo, na ndivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 isemavyo. Mwananchi huwa na haki ya kuitumia ardhi, ambayo kwa kifupi cha Kireno huitwa DUAT. Kinachouzwa ni nyumba iliyojengwa juu yake, na katika mji haki ya kutumia kiwanja huifuata nyumba. Pili, Kanuni ya Kiraia ya Ureno ya mwaka 1966, iliyopelekwa Msumbiji mwaka 1967, inautambua mkataba wa ahadi ya kuuza, lakini kwa nyumba inataka ahadi hiyo iandikwe na kutiwa saini. Tatu, kanuni hiyo imeweka hukumu juu ya fedha ya kutangulia, ambayo Waswahili huiita arbuni: mnunuzi akirudi nyuma, huipoteza, muuzaji akirudi nyuma, huirudisha mara mbili.

Hapo yafaa kupiga hesabu. Kwa mfano wetu, mzee angerudisha 60,000, yaani angetoa 30,000 zake mwenyewe. Lakini kwa mnunuzi wa pili angepata 100,000 zaidi. Baada ya kulipa adhabu yote bado angebaki na faida ya 70,000. Ndiyo kusema kwamba arbuni ndogo haimfungi muuzaji wakati bei inapopanda haraka. Arbuni kubwa humfunga zaidi, ila nayo ina hatari yake, kwa sababu fedha ikishatumiwa hurudi kwa taabu. Na ambaye hakuandikisha kitu huwa na mashahidi wawili tu, ambao kesho mmoja wao aweza kuwa safarini na mwingine akawa amesahau.

Mambo haya si ya Palma tu. Nchini Tanzania Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai mapatano ya kuuza yawe kwa maandishi. Katika Uingereza, tangu mwaka 1989, mauzo ya nyumba hayana nguvu ya sheria mpaka mkataba umetiwa saini, hata kama watu wamekubaliana kwa mdomo mara kumi. Kwa hiyo muuzaji aliyekubali bei Jumatatu aweza kumpokea mwingine Ijumaa, na jambo hilo hulalamikiwa sana. Huko Scotland mawakili wa pande mbili huandikiana barua, na zikishaafikiana, hakuna wa kugeuka bila kudaiwa fidia.

Familia ya askari au polisi yapaswa kuwa na hadhari zaidi, kwa kuwa baba, au mama mwenye sare, aweza kuamrishwa kuondoka usiku mmoja. Kabla ya kutoa fedha, na aulize ni nani wote wenye haki katika nyumba ile, na wote waitwe. Mapatano yaandikwe siku ile ile, yakitaja bei, arbuni, tarehe ya kumaliza malipo, na sharti kwamba nyumba haitaonyeshwa kwa mtu mwingine mpaka tarehe hiyo. Yatiwe saini mbele ya katibu wa mtaa, kisha yapelekwe kwa mthibitishaji wa hati, maana karatasi ya mtaa peke yake haitoshi kuhamisha nyumba. Nakala mbili ziwekwe mahali mbalimbali. Waliokimbia Mocímboa da Praia na Palma wanajua jinsi karatasi zinavyoteketea pamoja na sanduku. Tena mume anayekwenda lindo amwachie mkewe hati ya uwakilishi, ili amalize malipo bila kungoja.

Kwa upande wa muuzaji, asikubali bei ambayo moyo wake haujaridhika nayo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na ikiwa dharura ya kweli imemlazimu kurudi nyuma, hapana budi amwendee mnunuzi yeye mwenyewe, kabla dalali hajafika, akiwa na mashahidi wale wale wa siku ya kwanza na fedha zote zinazompasa kurudisha zikiwa mkononi.