Kabla ya Kuhesabu Kilomita

Safari yetu ya kutoka Korogwe kwenda Kondoa ilianza kupangwa barazani kwa mama, baada ya sala ya Isha. Tulikuwa ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja na daftari au simu mkononi, tukihesabu kilomita, lita za mafuta na idadi ya viti. Sababu ya safari ilikuwa njema. Shangazi yetu, dada pekee wa marehemu baba, alikuwa anaumwa, na hatukuwa tumemtia machoni tangu alipokuja kumzika kaka yake miaka mitatu iliyopita. Tulijiona watoto wema wanaokwenda kuunga undugu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya lami: Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, kisha kupanda kaskazini hadi Kondoa, takriban kilomita 700. Njia hiyo huyaacha mashamba ya mkonge ya Korogwe, huvuka Mto Wami, hupita chini ya milima ya Uluguru na kulifikia soko la mahindi la Kibaigwa kabla ya kuingia Dodoma, nchi ya zabibu. Njia ya pili hupitia Handeni, Kiberashi na Kibaya, ikakata nyika ya Wamasai hadi Kondoa. Urefu wake ni karibu nusu ya ile ya kwanza, lakini sehemu kubwa tuliyoijua sisi ni ya vumbi. Masika udongo wake hunasa malori, na kiangazi msafiri hubeba maji yake mwenyewe. Wadogo wetu waliitaka nyika. Wakubwa tulitazama magoti ya mama, tukachagua lami.

Tukaandika orodha. Madumu mawili ya maji, tairi la akiba, jeki, dawa za mama za shinikizo la damu, tende, mkeka wa kuswalia. Kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amewafundisha wasafiri watatu au zaidi wamchague mmoja wao awe kiongozi, tulimteua kaka yetu mkubwa, na amri yake ya kwanza ikawa kwamba hatutasafiri usiku. Tutalala Dodoma. Adhuhuri na Alasiri tutazipunguza na kuzikusanya njiani. Magharibi itabaki rakaa zake tatu, na Isha tutaiswali mbili. Kondoa tumenuia kukaa siku saba, basi kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Imam Shafii, tukifika huko tutaswali sala kamili.

Mama alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Wanangu, na deni mmeliandika wapi?"

Tulidhani anazungumzia duka. Akatikisa kichwa. "Shamba la babu yenu. Anayetaka kusafiri hulipa madeni kwanza. Nyinyi mnakwenda kumsalimia mwenye deni mikono mitupu."

Baraza lilinyamaza. Babu yetu alifariki mwaka 2004, akiwa ameshatanguliwa na bibi. Aliacha ekari 12 za mahindi Handeni na watoto wawili, mwana mmoja na binti mmoja. Hesabu yake katika sharia haihitaji mwanachuoni: mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Ekari nane za baba, ekari nne za shangazi. Lakini baba alilima zote. Shangazi aliolewa mbali, na inasemekana aliuliza mara moja tu. Alijibiwa kwamba shamba ni la ukoo, hakurudia tena. Sisi tulisomeshwa kwa mahindi yale. Baba alipofariki tuligawana ekari 12 kana kwamba zote zilikuwa zake, na mama akachukua thumni yake humo humo. "Na mimi nimekula," alisema, "ndiyo maana nasema."

Hapo safari ilibadilika. Kabla ya kwenda magharibi tulilazimika kwenda Handeni.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, kwa barabara inayotoka kwenye mashamba ya mkonge na kuingia taratibu katika nchi kavu. Handeni inajua thamani ya maji. Maji ya Mto Pangani huvutwa kwa mabomba kutoka Korogwe kuyafuata makazi yake, na bado madumu hupangwa foleni. Ekari moja yenye kisima au bondeni si sawa na ekari moja ya mawe. Basi hapo ndipo nafsi ilipotujaribu. Mmoja wetu, hatutamtaja kwa kuwa wote tulinyamaza aliposema, alipendekeza shangazi apewe upande wa mlimani. Ekari nne ni ekari nne, alisema, na mwenyewe hatakuja kulima.

Mzee mmoja jirani, aliyeitwa kushuhudia mipaka, alitutazama kwa muda. Akasema, "Gaweni kama watu wasiojua kipi kitakuwa chao." Tuligawa ekari 12 mafungu matatu ya ekari nne nne, kila fungu likianzia bondeni na kupanda mlimani. Tulichora ramani kwenye karatasi, mashahidi na viongozi wa kijiji wakatia saini. Shangazi atachagua fungu lake kwanza, yanayobaki ndiyo yetu.

Tulimwendea pia sheikh wa msikiti wetu. Alitueleza kwamba kurudisha ardhi ni sehemu tu ya jambo. Manufaa ya miaka yote iliyopita nayo yana mwenyewe. Shangazi anaweza kudai, anaweza kusamehe, lakini msamaha hauombwi kwa kumtia mtu haya mbele ya wageni, wala ukimya wake wa zamani hauhesabiwi kuwa ridhaa. Tuliuza ng'ombe wawili. Fedha zile hazitoshi, lakini zimo katika bahasha.

Likabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni simu. Sisi tulitaka kumweleza tukishafika. Mama alikataa. Si vyema, alisema, kula chakula cha mtu kwanza ndipo umwambie kuwa ulikuwa na haki yake. Kaka yetu akapiga, sauti ikisikika kwetu sote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mmepanga kuja lini?"

Akamweleza yote: ekari nne, ramani, bahasha. Akamwambia tunamwomba radhi kwa ajili yetu na kwa ajili ya marehemu. Upande wa pili palikuwa kimya hata tukadhani mtandao umekatika. Hatimaye akasema, "Njooni. Lakini nileteeni gunia moja la mahindi ya shamba lile. Nataka nile chakula cha baba yangu kwanza. Mengine tutazungumza."

Hakusema amesamehe. Hatukuthubutu kuuliza.

Ndugu msomaji, tunaandika haya usiku wa kuamkia safari. Kiongozi wetu ameamuru mabegi mawili yabaki ili gunia lipate nafasi, na gunia hilo ndilo lililopakiwa kabla ya kitu kingine chochote. Tairi la akiba lina upepo, dawa za mama zimo, dua ya safari watoto wameihifadhi. Katika familia zetu wako shangazi na dada wengi walionyamaza ili wasionekane wamewashitaki kaka zao, nasi tumeuita ukimya huo upendo. Kama kuna safari mnayoipanga kwenda kwa jamaa, anzeni orodha yenu pale mama alipotaka tuanzie sisi.

Tutaondoka kesho baada ya Alfajiri, inshaallah. Tunawaomba mtuombee tufike salama, na tumkute shangazi yuko hai, ana nguvu ya kuchagua fungu lake.