Kuoga Bujumbura Wakati wa Masika

Basi letu kutoka Kigoma lilivuka mpaka wa Manyovu, na tangu Nyanza-Lac hadi Rumonge tulikwenda sambamba na Ziwa Tanganyika. Mimi ni mtu wa Pangani, maji makubwa nayajua, lakini haya yalinishangaza: bahari isiyonuka chumvi, na ng'ambo yake milima ya Congo imesimama wima. Tuliingia Bujumbura jioni, mvua ya Aprili ikinyesha.

Asubuhi nikaenda bandarini. Meli za mizigo ya Kigoma na Mpulungu nilizitazama kidogo tu, maana macho yalivutwa na maji. Kaskazini kidogo, Mto Ntahangwa unapoingia ziwani, yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa ulezi. Mbele yake, ghafla, yakawa ya buluu. Kwenye wekundu ule zilielea chupa za plastiki, mabua ya mahindi na kandambili moja ya mtoto.

Mzee mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji ule, alikuwa akishona wavu.

"Shikamoo, mzee. Hapa watu huoga?"

"Marahaba, mwanangu. Kiangazi, ndiyo. Sasa mvua imeosha milima na vyoo vya mji, na vyote vimeletwa hapa."

Kwetu maji yakipwa, bahari huondoka na taka za mto. Ziwa Tanganyika halina kupwa wala kujaa kwa maana hiyo. Kina chake hufika mita 1,470, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Taka za Ntahangwa hubaki ufukweni mpaka upepo uzisogeze. Na maji ya bomba ya mji huu huvutwa kutoka ziwa hilihili! Nikaelewa kwa nini Burundi, iliyotangaza mlipuko wa kipindupindu Januari 2023, inaogopa masika.

Mchana nikaenda Saga, ufuo ulioko kati ya Ntahangwa na Mto Ruzizi. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu. Livingstone na Stanley walifika mdomoni pake Novemba 1871 kuhakikisha kama unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka humo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hata likafurika mji wa Gatumba na kuitatiza bandari. Siku ile vijana walikuwa wakicheza mpira mchangani. Jua lilipoanza kushuka, waliokuwa majini wakatoka bila kuambiwa. Nikatazama walikotazama: masikio mawili madogo, kisha pumzi nzito. Kiboko! Pangani tunaogopa mkondo. Huku hatari huja kula majani jioni, na upande wa Ruzizi kuna mamba pia.

Kesho yake wenyeji wangu walinipeleka kusini, mbali na midomo ya mito. Maji yalikuwa maangavu, nikaona vidole vyangu vya miguu juu ya kokoto. Nikazama, nikaibuka, ulimi ukingoja chumvi isiyokuja. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Msomaji, ukienda Bujumbura chagua Juni hadi Agosti, ingawa upepo wa kusini huleta mawimbi. Ukikuta masika, usioge mto unapoingia ziwani wala siku zinazofuata mvua kubwa. Toka majini kabla jua halijazama. Watoto wasichezee penye majani na maji yaliyotuama, kwani konokono wa kichocho hukaa humo. Na kabla ya kuvua viatu, waulize wavuvi.