Rangi Haiogelei

Ukitembea kutoka Mtongani hadi Kunduchi Pwani, pua ndiyo inayokuambia umefika: samaki wa kukaanga upande huu, harufu kali ya resini upande ule. Mimi hufuata ya resini. Huko ndiko boti za faiba hupandishwa mchangani kutibiwa.

Ubao ukioza utauona. Faiba ina siri, jamani! Boti ikigonga mwamba, nje unaona mstari kama unywele, kumbe ndani nyuzi zimekatika na maji yameingia. Fundi hugongagonga kwa nyundo ndogo akisikiliza. Sauti ikilia kavu, pazima. Ikiwa nzito, pana ugonjwa.

Anasaga hadi kwenye faiba nzima, kingo anazilaza mteremko. Panaachwa pakauke kabisa. Ndipo anachanganya resini na hadena, asilimia 1 hadi 2 tu, maana kwa joto la Dar ukizidisha inaganda kwenye kopo. Anapanga mkeka wa nyuzi tabaka kwa tabaka, anakamua mapovu, mwisho msasa na rangi.

Nilimsikia kijana mmoja akiomba apakiwe rangi tu, aingie baharini jioni. Fundi akamjibu, "Mdogo wangu, rangi haiogelei."

Washkaji, hata tangi la faiba nyumbani unaziba hivyohivyo. Fanyia uwanjani, mbali na moto, na uvae glavu na barakoa. Vumbi lake linawasha balaa. Tangi likivuja utadeki. Boti ikipasuka karibu na Mbudya, je, abiria watashika nini?