Siku ya Kusomwa Majina Pweto

Ndugu zetu wa Mantapala, baba, mama na vijana wote,

Wengi wenu mnanifahamu. Nilikuwa jirani yenu tangu mwaka 2018 makazi yalipofunguliwa, mpaka mwaka 2022 jamaa yangu ilipopanda gari la kurudi. Tuko wazima. Tangu siku ile kila mtu anayevuka kutoka kwenu ananiletea swali lile lile: "Baba, kule masomo iko namna gani? Batoto yetu batapokelewa?" Nimeona nisijibu kwa maneno ya juu juu. Nitawaeleza siku moja tu, tarehe 2 mwezi wa saba 2025, siku ya kufunga mwaka katika shule ya msingi ya parokia ambako wanangu wawili wanasoma. Katika siku hiyo mtaona mengi mnayotaka kujua.

MAHALI PENYEWE

Nianze na mahali, kwa ajili ya vijana walioondoka huku wakiwa mgongoni mwa mama zao. Ukitoka Mantapala unashuka Nchelenge, unafuata barabara ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini mpaka Chiengi, halafu unavuka mpaka upande wa Lunchinda. Wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Wakati wa mvua ni matope, na gari linaweza kulala njiani.

Pweto iko mwisho wa ziwa Mweru, upande wa kaskazini. Mto Luapula unaingia ziwani kutoka kusini, na hapa kwetu maji yanatoka tena kwa jina lingine: Luvua. Kutoka hapa Luvua inakwenda mpaka Ankoro kuungana na Lualaba. Basi maji yanayopiga ufuko wa Nchelenge asubuhi, mjue yana njia moja tu ya kutoka, nayo inapita mlangoni petu.

Wazee mnajua mji huu ulivyopigwa. Mwezi wa 12 mwaka 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa RCD na askari wa Rwanda, maelfu wakavuka kuingia Zambia. Kisha ikaja mwaka 2017, safari ambayo wengi wetu tuliifanya kwa miguu mpaka Kenani. Kwa hiyo katika shule zetu wapo wazazi waliokimbia wakiwa watoto, wakarudi, wakakimbia tena wakiwa na watoto wao. Ukitaka kujua kwa nini watu hapa wanaipenda sana siku ya kufunga mwaka, sababu ni hiyo. Mwaka wa shule ukianza ukaisha bila kukatika, maana yake ni kwamba tumekaa mahali pamoja miezi kumi mfululizo.

SHULE YA PAROKIA NI YA NANI?

Vijana waliosoma Zambia wanauliza kama shule ya Wakatoliki ni shule ya kulipia. Hapana. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule zote za makanisa. Mambo hayakwenda vizuri, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 serikali na makanisa wakatia sahihi mapatano: shule zikarudi kuongozwa na makanisa, lakini serikali inalipa walimu na kupanga masomo. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Shule ya parokia inafuata programu ile ile ya serikali, na mtoto wa dhehebu lolote anapokelewa.

Zamani wazazi tulikuwa tunatoa pesa za kuongezea mshahara wa mwalimu, na asiyelipa mtoto wake alifukuzwa. Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini ni mwezi wa tisa 2019 tu neno hilo lilipoanza kutekelezwa nchi nzima. Mamilioni ya watoto waliingia shuleni. Ni jambo kubwa. Lakini mjue pia matokeo yake: madarasa yamejaa. Darasa la kwanza la shule yetu watoto wanakaa wanne kwenye benchi la wawili, na wengine wanaketi chini mbele ya ubao. Tena, bure si bure kabisa. Shati nyeupe na suruali au sketi ya bluu unanunua wewe, na madaftari pia.

SIKU YENYEWE

Kwetu siku ya kufunga mwaka inaitwa proklamasyo. Tangu saa moja asubuhi kina mama walikuwa wameshafika na vitenge vyao vizuri. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta mpaka miguu inang'aa. Wauza biskuti na maji ya barafu walijipanga nje ya uzio, maana wanajua leo baba hakatai.

Kwanza bendera na wimbo wa taifa. Halafu padri akasali, na mkubwa wa shule akasoma taarifa ya mwaka: paa la madarasa mawili limetengenezwa, choo cha wasichana kimeisha, madawati bado. Msimamizi wa kamati ya wazazi akashukuru watu waliotoa miti na mchanga. Watoto wa darasa la pili wakasema shairi, mmoja akasahau katikati akaanza kulia, uwanja mzima ukampigia makofi mpaka akamaliza. Darasa la tano wakaigiza mchezo wa mzazi anayemtuma mtoto ziwani wakati wenzake wako darasani. Watu walicheka, lakini niliona wanaume kadhaa wakitazama chini.

Kisha ukafika wakati wa kusoma majina. Mwalimu wa kila darasa anasimama na karatasi, anaanza na wa kwanza: jina, asilimia, nafasi. Watatu wa mbele wanapewa madaftari na kalamu. Baada yao wanaitwa waliobaki wanaovuka darasa, kila mmoja na pointi zake, mbele ya watu wote. Jina likitajwa, mama anapiga vigelegele na kukimbia katikati ya uwanja na kopo la poda, anammwagia mtoto kichwani mpaka anakuwa mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga. Ndiyo desturi ya Kongo, watoto wenu waliozaliwa Zambia wataishangaa.

Wasioitwa hawatajwi. Karatasi inaisha tu, mwalimu anakaa. Hapo ndipo unaona mtoto amesimama peke yake na shati yake safi, hana poda hata kidogo.

Wangu mdogo, wa darasa la tatu, aliitwa wa tisa. Mkubwa wake, wa darasa la tano, hakuitwa. Hesabu alipata vizuri, Kifaransa kikamwangusha. Atarudia. Nilimnunulia naye soda kama mdogo wake, tukaketi chini ya mwembe mpaka watu wakapungua. Aliniambia, "Baba, nilielewa maswali yakishatafsiriwa." Neno hilo linawahusu ninyi, ndiyo maana nimeliandika.

WATOTO WAWILI WALIOTOKA KWENU

Sitataja majina, lakini ninyi majirani mtawajua.

Wa kwanza ni msichana, mama yake tulirudi naye gari moja. Alikuwa amemaliza Grade 4 kule Mantapala. Mama yule hajui kusoma, lakini ripoti zote za shule za mtoto alikuwa amezifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Tulipofika, mkubwa wa shule akazitazama, akaona alama za hesabu, akampa jaribio kidogo, akamweka darasa la nne. Akasema, "Kichwa iko, lugha itakuja." Mwaka wa kwanza alivuka kwa shida, asilimia 51. Kila jioni alikuwa anakwenda kwa sista mmoja anayefundisha watoto kusoma Kifaransa barazani. Mwaka huu amemaliza darasa la sita, na katika matokeo ya shule ameitwa wa pili. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi alishaufanya pia. Kilichobaki ni kumtafutia nafasi ya sekondari. Siku ile mama yake alimwaga poda mpaka kopo likaisha, akaazima ya jirani.

Wa pili ni mvulana. Alikuwa Grade 5, mwerevu, na pengine alimpita yule msichana. Lakini jamaa yake ilirudi bila karatasi hata moja. Tena walifika mwezi wa pili, mwaka wa Kongo uko katikati. Hakuna aliyeweza kujua alifika wapi, wakamweka darasa la tatu. Alikuwa na miaka 13, magoti hayaingii chini ya benchi. Watoto wa miaka minane wakawa wanamwita "kaka mkubwa wa darasa." Alivumilia mpaka Pasaka. Sasa usiku yuko ziwani anavua chisense na wajomba zake. Nilimwona siku ya proklamasyo amesimama nje ya uzio na nyavu begani. Alikuwa anasikiliza majina.

Ndugu zangu, tofauti ya watoto hawa wawili si akili. Ni mfuko wa plastiki, ni mwezi wa kufika, na ni mtu wa kumfundisha Kifaransa jioni.

MAMBO YA KUTAYARISHA

Sisemi rudini, wala sisemi bakini. Kila jamaa inajua lililoifukuza na lililo moyoni mwake. Tena, usalama wa kila kijiji ni lazima uuulize kwa watu wa kijiji hicho. Nasema tu, kama siku moja mtarudi, mtoto asirudi mikono mitupu.

Kwanza, tunzeni karatasi. Ripoti ya kila muhula, barua ya kuhama shule yenye muhuri, cheti cha kuzaliwa. Msingoje siku ya kuondoka, siku hiyo walimu wana watu wengi mlangoni. Ombeni kila muhula unapoisha.

Pili, angalieni kalenda. Zambia mwaka wa shule unaanza mwezi wa kwanza na kuisha mwezi wa 12. Kongo unaanza mwezi wa tisa na kuisha mwanzoni mwa mwezi wa saba. Mtoto anayemaliza mwaka wake kwenu mwezi wa 12 akivuka mara moja, anaingia hapa wenzake wameshamaliza sehemu ya kwanza ya masomo. Mkipata nafasi ya kuchagua, fikeni mwezi wa saba au wa nane, mtoto aandikishwe mapema na kuanza pamoja na wenzake. Njia nayo huwa kavu.

Tatu, lugha. Kwa utaratibu wa Kongo, miaka miwili ya kwanza mtoto anafundishwa kwa lugha ya kwao, na huku kwetu ni Kiswahili. Kwa hiyo wadogo hawana tabu sana. Shida iko kwa wakubwa, kuanzia darasa la tatu kwenda juu, ambako Kifaransa kinatawala, na wao walizoea Kibemba na Kiingereza. Huko kwenu wapo wazee na vijana waliosoma Kongo. Waombeni, jioni mbili kwa juma, wawafundishe watoto kusoma na kuhesabu kwa Kifaransa. Kipande cha mkaa na ubao vinatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, na hili ndilo kubwa: msiwatoe watoto shuleni kwa sababu mnangoja kurudi. Nimesikia kuna wanaosema, "Kwa nini asome Kiingereza, sisi tuko njiani?" Njia hiyo inaweza kuchukua miaka. Msichana niliyewaeleza, hesabu yake yote aliipata kwa walimu wa Mantapala. Aliyekaa nyumbani mwaka mmoja akingoja gari, hapa anaanza nyuma ya wote, na hakuna mwalimu atakayemrudishia mwaka ule.

Habari za nyumba ni hizo. Mwanangu mkubwa sasa naye anakwenda kwa sista yule jioni, pamoja na watoto wengine waliorudi. Wanasoma kwa sauti, mpaka majirani nao wanajifunza.

Tafadhali wasalimieni walimu wa huko. Waambieni kwamba tarehe 2 mwezi wa saba, mbele ya padri na wazazi wote wa Pweto, jina la mwanafunzi wao lilisomwa la pili.

Ndugu na jirani yenu wa zamani,
Pweto