Barua Zilizokwama

Kwa miaka mingi nilikuwa posta bila kujua. Shule niliyoiongoza, isiyo mbali na Mtera, ilikuwa na sanduku la posta mjini, na katika vijiji vya jirani hapakuwa na mtu mwingine mwenye sanduku. Kwa hiyo kila aliyekuwa na ndugu Dar es Salaam, kila kijana aliyeomba kazi, kila mvuvi aliyemdai mtu fedha, aliandikiwa kwa jina lake, kisha kwa Mwalimu Mkuu, kisha kwa namba ya sanduku letu. Mara moja kwa majuma mawili, au mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, mfuko wa barua ulikuja na lori. Niliumwaga juu ya meza nikachambua. Za ofisi huku, za walimu kule, za wanakijiji nikawapa wanafunzi wanaotoka pande hizo. Zile ambazo sikumjua mwenyewe niliziweka katika mtoto wa meza, upande wa kulia, nikijiambia kwamba mwenyewe atakuja kuuliza.

Sikuona ubaya wowote katika utaratibu huo mpaka Desemba 1994, nilipokwenda likizo kwa mpwa wangu Dar es Salaam, nikamsaidia kuandaa posta ya namna nyingine.

Mpwa wangu alikuwa fundi wa kompyuta. Mchana alifanya kazi ya kuajiriwa. Usiku alikuwa na mapenzi yake chumbani: kompyuta moja kuukuu, modemu, na waya wa simu uliopitishwa dirishani. Alitaka kufungua kituo kidogo katika mtandao ulioitwa FidoNet. Msomaji wa leo, ambaye ujumbe wake huvuka bahari kabla hajakohoa, huenda hajapata kuusikia, kwa hiyo nieleze kidogo.

FidoNet ulianzishwa mwaka 1984 na Mmarekani aitwaye Tom Jennings, huko San Francisco. Haukuwa mtandao wa serikali wala wa kampuni. Ulikuwa wa watu wenye kompyuta majumbani, ambao walikubaliana kupokeleana barua kwa gharama zao wenyewe. Kompyuta hizo hazikuunganishwa saa zote. Usiku, saa ambazo simu ni rahisi, moja iliipigia nyingine, ikakabidhi mfuko wa barua, ikapokea wa kwake, ikakata simu. Barua ya mbali ililala kituo hiki, kesho ikalala kile, mpaka ikafika. Dunia iligawanywa katika kanda sita, na Afrika ilikuwa kanda ya 5. Katikati ya miaka ya 1990 orodha ya vituo ilikuwa imepita 30,000.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani huo ulikuwa mchezo wa watu wapendao mitambo. Kwetu Afrika Mashariki ulikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa intaneti kamili ilikuwa haijafika na simu zilikuwa ghali na za kukatikakatika. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, Nairobi, kituo cha Environment Liaison Centre International kilipeleka barua za mashirika ya mazingira kwa njia hii. Kampala kulikuwa na kituo cha MUKLA katika Chuo Kikuu cha Makerere, kazi ya Charles Musisi. HealthNet, mpango wa shirika la SatelLife alilolianzisha Dakta Bernard Lown, ulitumia programu za FidoNet kuwapelekea madaktari wa Afrika, wakiwemo wa kwetu, habari za tiba. Na London, GreenNet waliendesha lango la kupitishia barua hizo kwenda katika mitandao mingine ya dunia.

Jioni ya kwanza, baada ya chakula, mpwa wangu aliweka mbele yangu lundo la karatasi zilizochapwa kwa Kiingereza.

"Mjomba," akasema, "wewe ni mwalimu. Nisomee, mimi niandike."

Basi nikavaa miwani, nikawa msomaji wa maagizo. Tulianza na modemu. Ile modemu ilitengenezwa kusubiri mlio wa simu za nchi nyingine, na mlio wa simu zetu haikuutambua. Ikakaa kimya kama mwanafunzi aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. Tukaiamuru ipige bila kusubiri mlio. Tena tukaiamuru ipige kwa mapigo, namna ya simu za kuzungusha, maana kituo cha simu cha mtaa ule kilikuwa cha zamani. Kisha palikuwa na namba ya sekunde ambazo modemu itavumilia kabla ya kukata tamaa, endapo upande wa pili haujaitika. Sekunde zilizopangwa kiwandani zilikuwa chache mno kwa simu zetu. Tukaziongeza.

Baada ya modemu ikaja anwani: namba ya kanda, namba ya mtandao mdogo ndani ya kanda, kisha namba ya kituo chenyewe. Ikaja neno la siri tulilopatana na kituo kilichotutangulia, ili mgeni asije akajifanya sisi akachukua mfuko wetu. Zikaja njia: barua za kanda ile zipitie kituo hiki, za kanda hii zipitie kile. Ikaja alama ya kila barua, kama iondoke mara moja, au ingoje saa yake ya usiku, au ikae mpaka mwenyewe apige simu kuifuata. Hatimaye ratiba: saa fulani za usiku kituo kisipokee mtu anayetaka kusoma wala kuzungumza, kiwe wazi kwa barua peke yake.

Usiku wa kwanza tulishindwa kwa sababu yangu. Nilimsomea tarakimu moja vibaya katika anwani. Usiku wa pili umeme ulikatika, maana mwaka ule ulikuwa wa mgao.

"Mjomba," mpwa wangu akacheka gizani, "maji yenu huko Mtera yamekwisha."

Alisema mzaha wenye ukweli. Bwawa la Mtera lilijengwa katika Mto Ruaha Mkuu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutunzia maji mtambo wa Kidatu ulioko chini, wenye uwezo wa megawati 204. Mtambo wa Mtera penyewe, wa megawati 80, ulianza baadaye, mwaka 1988. Bwawa hupokea maji ya mvua yakija kwa wingi, likayaweka, kisha likayafungulia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Nikamweleza hayo tukiwa tumekaa na mshumaa.

"Basi ni kitu kimoja," akasema. "Pokea, weka, peleka mbele. Hata kompyuta hii hainayo kazi nyingine."

Usiku wa tatu simu iliita, modemu zikalia zile kelele zao za kusalimiana, na mistari ikaanza kuandikika yenyewe kwenye kioo. Kila tendo liliandikwa na saa yake: nani kapigiwa, nani kaitika, mfuko upi umepokelewa, wa ukubwa gani. Simu ilikatika mara mbili. Kila ilipopigwa tena, upokeaji haukurudi mwanzo, bali uliendelea pale ulipoishia. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwalimu mkuu mwenye fimbo na kengele, nami nilisimama nyuma ya kiti cha kijana wangu nikishangilia kama mtoto.

Asubuhi nilidhani kazi imekwisha. Mpwa wangu, hata chai hajanywa, akafungua mahali pengine ndani ya mashine. Palikuwa na barua tatu.

"Hizi ni nini?"

"Zilizokwama, mjomba. Programu ikishindwa kujua barua ni ya wapi, haiitupi. Inaiweka hapa. Labda jina la baraza limekosewa herufi, labda aliyeileta hayumo katika orodha yetu."

"Kisha inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Hapa ndipo penye kazi ya mtu. Mwenye kituo asipofungua hapa kila siku, zitakaa milele, na aliyeandika atadhani zimefika."

Akaanza kuzisoma moja moja. Ya kwanza ilikosewa jina. Akalisahihisha, akairudisha kwenye uchambuzi, ikaenda zake. Ya pili ilikosea njia, akamjulisha aliyeileta. Ya tatu alikaa nayo muda mrefu, akatafuta katika orodha, akampata mwenyewe. Chai ikapoa.

Mimi sikuwa tena chumbani mle. Nilikuwa mbele ya meza yangu, upande wa kulia. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipoufungua ule mtoto wa meza kwa nia ya kutoa kitu, si kutia. Sikukumbuka.

Likizo ilipokwisha nilirudi kwa basi hadi Iringa, kisha kwa lori hadi nyumbani, barabara ikiwa bado ya vumbi. Nilifika jioni. Sikupita nyumbani kwanza, nilifungua ofisi.

Zilikuwamo barua kumi na moja. Nyingine zilikuwa za miaka miwili. Moja ilikuwa ya mzee tuliyekuwa tumekwisha kumzika. Na moja ilikuwa na bahasha ya kahawia yenye mhuri wa chuo kimoja cha ualimu. Jina lililoandikwa sikulijua, jina la ubatizo na jina la babu. Safari hii sikuridhika kutolijua. Nilichukua madaftari ya mahudhurio ya miaka ya nyuma, nikawauliza walimu, nikamwuliza mlinzi. Mlinzi ndiye aliyejua. Alikuwa binti wa mvuvi mmoja wa upande wa bwawani. Sisi shuleni tulimwita kwa jina la Kigogo na jina la baba yake. Nilimfundisha mwenyewe darasa la saba. Baada ya hapo alimaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani kungoja.

Niliipeleka kwa miguu asubuhi yake. Alikuwa akipara samaki. Alinawa mikono, akanipokea kwa adabu, shikamoo Mwalimu, akafungua bahasha mbele yangu. Alikuwa amechaguliwa. Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imepita kwa miezi mitano.

Hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Ilifika lini, Mwalimu?"

Nami sikuweza kumjibu. Sikuwa nimeandika popote. Mashine ya mpwa wangu iliandika saa na dakika ya kila mfuko. Mimi, niliyewafundisha watoto kutia tarehe juu ya kila zoezi, sikuwa na tarehe ya kumpa.

Nilikwenda chuoni mwenyewe kumwombea. Nafasi ilikuwa imejazwa, na hawakuwa na kosa. Mwaka uliofuata aliomba tena, hakuchaguliwa. Aliolewa, akazaa, akawa muuza perege wakavu kando ya barabara. Kwa miaka yote tumepita tukisalimiana, wala hajapata kulitaja jambo lile. Ningependa siku moja anilaumu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema mjumbe halaumiwi.

Juma lile lile nilipiga mistari katika daftari kubwa. Safu ya kwanza, tarehe barua ilipofika. Ya pili, jina lililo juu ya bahasha, lilivyoandikwa. Ya tatu, nani kaichukua kuipeleka. Ya nne, tarehe ya kufika kwa mwenyewe, na sahihi yake au dole gumba. Safu ya tatu niliijifunza kwa FidoNet, maana katika barua za mabaraza yao kila kituo kilichopitisha huacha namba yake, hata njia nzima ikasomeka. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga shule, niliwataka walimu wote tukae na zile ambazo safu ya nne ilikuwa tupu, tuulizane: huyu ni nani, nani anamjua? Ajabu ni kwamba mara nyingi palikuwapo mtu anayejua. Kilichokuwa hakipo ni swali.

Kituo cha mpwa wangu hakikudumu. Intaneti ilipoingia nchini katikati ya miaka ile ya 1990, watu walihamia huko, naye akahama nao. FidoNet wenyewe bado upo duniani, kwa wachache wanaoupenda. Barabara ya Iringa hadi Dodoma sasa ni ya lami, na wajukuu wa wavuvi wana simu mfukoni. Mfuko wa barua hauji tena kwangu, nami nimestaafu siku nyingi.

Lakini ujumbe bado hupita kwa watu. Mtu hukutana nami njiani akasema, Mwalimu, ukimwona fulani mwambie kikao ni Jumanne. Ukimwona mama fulani mwambie dawa zake zimekuja zahanati. Zamani ningeitikia ndiyo nikasahau kabla ya kufika kwenye mbuyu. Siku hizi nina daftari dogo mfukoni. Naandika tarehe, jina na neno lenyewe. Usiku kabla ya kulala nalifungua, nikatazama yale ambayo hayajapigwa mstari. Yakiwapo, kesho naamka mapema.